Atomium na wachimbaji wa Shinkolobwe

Kwenye uwanda wa Heysel, kaskazini mwa mji wa Brussels, pamesimama mnara usiofanana na mwingine. Ni matufe tisa ya chuma king'aacho, kila moja lenye kipenyo cha mita 18, yaliyounganishwa kwa mabomba makubwa ambamo watu hupita, na kimo chake chote ni mita 102. Umbo hilo linaonyesha jinsi atomu za chuma zinavyojipanga, likiwa limekuzwa mara bilioni 165. Mhandisi André Waterkeyn ndiye aliyelibuni kwa ajili ya Maonyesho ya Ulimwengu ya mwaka 1958, akisaidiwa na wasanifu wawili ndugu, André na Jean Polak. Hapo awali matufe yalivikwa alumini. Katika matengenezo yaliyokamilika mwaka 2006 yalivikwa chuma kisichoshika kutu.

Wajumbe wa shirika letu, tukiwa njiani kuelekea hija ya Banneux, tulipitisha alasiri moja mahali hapo. Tulistaajabu, wala hatuoni haya kulisema. Baadhi ya ndugu zetu wanadhani Mkongomani hana budi kuupita mnara huo kwa uso uliokunjamana. Sisi hatukubali. Akili inayoweza kusimamisha uzito kama ule juu ya nguzo chache ni kipaji cha Mungu, na kipaji hicho hakina taifa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu mhunzi na mfinyanzi, akisema kwamba bila watu wa namna hiyo hakuna mji unaokalika. Lakini katika sura hiyohiyo anakiri pia kwamba watu hao hawatafutwi wakati wa baraza. Neno hilo ndilo lililotufuata tuliposhuka kwenye ngazi.

Maana mnara ule ulijengwa kuisifu atomu. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi na mitatu tu, na mataifa yalitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba nguvu iliyouteketeza mji wa Hiroshima ingeweza pia kuwasha taa na kuponya wagonjwa. Nia hiyo ilikuwa njema. Ila nguvu hiyo ilitoka wapi? Ni kweli kwamba atomu za mnara ni za chuma, si za urani, hatutaki kuusingizia. Lakini sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu yake ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga yetu. Mgodi huo wa Union Minière ulikwisha kutoa radiamu tangu miaka ya 1920. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yake, na mwaka 1942 Wamarekani wakayanunua. Sengier alipewa nishani. Waliobeba mawe hayo katika magunia hawakuambiwa yalikuwa ni nini, wala yangeweza kuwatenda nini miilini mwao.

Mwaka huohuo wa 1958, karibu na mnara, palikuwa na sehemu ya Kongo. Humo kilijengwa kijiji, na ndani ya ua wake mafundi wa Kikongo pamoja na familia zao wakafanya kazi mbele ya macho ya wageni. Baadhi ya wageni waliwarushia ndizi na karanga. Maonyesho yalipokuwa bado yanaendelea, Wakongomani hao walikataa aibu hiyo, wakarudi kwao. Basi mgeni wa siku zile aliweza kuitazama akili ya mhandisi upande mmoja, na upande wa pili kumtazama fundi mweusi kama kitu cha kushangaliwa, bila kuwaza kwamba kazi ya hao wawili ilikuwa mnyororo mmoja.

Tusijitoe katika hesabu hiyo. Kanisa nalo lilikuwa na banda lake la misioni katika sehemu hiyo ya Kongo, na katika makambi ya Union Minière mapadri walifundisha watoto na kuzika wafu kwa kibali cha kampuni. Mwaka 1959 chuo kikuu cha Kikatoliki cha Lovanium, Kinshasa, kikawa na mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Afrika, chini ya rekta aliyekuwa padri na mwanafizikia, Monsinyori Luc Gillon. Tunajivunia jambo hilo, na ni haki. Hata hivyo, jina la Gillon tunalijua, lakini la mchimbaji hata mmoja wa Shinkolobwe hatulijui.

Papa Yohane Paulo II alifundisha katika Laborem Exercens, mwaka 1981, kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu, kabla ya kupimwa kwa kitu kinachotengenezwa. Kwa kipimo hicho, Atomium ni nusu ya mnara. Wapo wanaotaka Wabelgiji wabandike kibao pale chini. Na wakibandike, tutashukuru. Lakini kwa nini tungoje kumbukumbu ya babu zetu itoke Brussels? Nusu iliyobaki iko mikononi mwetu.

Tunapendekeza hivi: jumuiya hai za parokia zetu za Likasi na Lubumbashi ziombe ruhusa ya maparoko kufungua vitabu vya zamani vya ubatizo, ndoa na wafu, na kuandika majina ya waliofanya kazi Shinkolobwe hadi mgodi ulipofungwa, wakati wa uhuru. Hata baada ya kufungwa watu waliendelea kuingia humo kwa siri. Mwaka 2004 ardhi iliporomoka ikaua wachimbaji wa mikono. Hao nao waandikwe. Vijana wetu wanaosoma uhandisi ndio tungependa wapewe kazi hii kwanza. Waanze mapema, kwa sababu kitabu cha wafu huandika jina na tarehe, lakini mara nyingi hakisemi marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Hilo itabidi wawaulize wajane na watoto wao, na wengi wa hao sasa wamepita miaka themanini.