Msimwambie Biharusi Ajikaze



Kuna neno moja tunalirithishana tangu enzi za bibi zetu: jikaze. Hedhi ikiuma, jikaze. Usiku wa harusi, jikaze. Leba, jikaze. Leo nasema neno hili linaumiza, tena siyo roho tu. Linaumiza mwili.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi hapa Mpanda. Sindano ikikuchoma, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha inafika kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua uumie kiasi gani. Mwaka 1965 Mkanada Ronald Melzack na Mwingereza Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Likibanwa, habari inapita kidogo. Likiachwa wazi, inapita yote. Ndiyo maana ukijigonga kidole unakisugua na unapata nafuu: kule kusugua kunabana lango. Ubongo nao unatuma amri zake kutoka juu, na una dawa yake wenyewe, endofini, inayotuliza kama mofini. Mafundi tunalijua hili wiki ya mwisho ya Ramadhani, nguo za Idi zimejaa mezani. Umechomwa zamani, unashtuka ukiona damu kwenye kitambaa cheupe. Ubongo ulikuwa na shughuli nyingine.

Sasa geuza upande wa pili. Biharusi anakuja kupimwa gauni, na mashangazi waliomsindikiza hawanyamazi. "Utalia wewe! Mlango utautafuta usiuone!" Wanacheka. Mtoto wa watu mabega yamepanda hadi masikioni, pumzi ameibana, hata futi yangu inanipa kipimo cha uongo. Mtu aliyetishwa hivyo wiki nzima, ubongo wake unakaa macho ukisubiri adui. Mguso mdogo unapokelewa kama hatari. Misuli ya nyonga inajibana bila yeye kutaka, na ikijibana tendo linauma kweli, na usiku wa pili hofu imeongezeka. Halafu tunamwambia ajikaze! Huko kujikaza ndiko kunakomuumiza. Anachohitaji ni kulegea, kupumua, mume asiye na haraka, na kujua kwamba ana ruhusa ya kusema "subiri".

Msinielewe vibaya. Kusema ubongo ndio unaoamua siyo kusema mwanamke anajitungia au anadeka. Hilo ni tusi jingine. Maumivu ni ya kweli hata kama jeraha halionekani. Anayeumia kila mara kwenye ndoa yake, au anayelazwa kitandani na hedhi kila mwezi, apelekwe kwa daktari, hata kama anatokea Mlele au Mpimbwe na safari ni ndefu.

Kwa wanaosema kuvumilia kimya ndiyo dini, naomba wafungue Sura ya Maryam. Uchungu wa uzazi ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya hapo. Maryam huyo, bora ya wanawake! Hakukemewa kwa kulia kwake. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji chini yake na tende mbivu. Kwanza moyo ulitulizwa, kisha mwili ukahudumiwa. Na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, limependekeza kila mama awe na mtu anayemtaka mwenyewe pembeni yake anapojifungua. Mtu wa kumshika mkono na kumsugua mgongo, siyo wa kumfokea.

Kungwi, au somo kama mnavyomwita huko visiwani, namheshimu. Singo na udi viendelee. Ila katika siku zile za kumweka biharusi ndani, mwambieni na ukweli: huenda ikauma kidogo, huenda isiume kabisa, na wapo wengi wasiotoka damu hata tone, na ni mabikira. Na huyo mume mtarajiwa naye, nani kamweka chini akamfundisha?