Visikizi Vilivyomeza "Ha"

Jarida hili la chama limezoea kujadili usanifu wa lugha, nidhamu na hatari za mihadarati. Mimi mwaka huu naleta hoja ambayo huenda ikawafanya wengine wacheke: jinsi ya kumchagulia kipofu visikizi vya simu. Nasema vile visivyo na waya, ambavyo pale stendi ya Busia kila mtu huviita "iafoni za blututhi". Maoni yangu ni kwamba kipofu hafai kununuliwa visikizi kwa kipimo kile kile cha kijana anayetaka muziki, na kwamba wenye makosa ni sisi tunaoona, kwa maana ndio tunaotumwa dukani. Nayasema haya bila kumnyoshea mtu kidole. Mkosaji wa kwanza ni mimi.

Shangazi yangu huuza maharagwe na njugu katika soko la Busia. Alipoteza macho kwa presha ya macho nikiwa bado shule ya msingi, lakini biashara hakuiacha hata siku moja. Simu yake humsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo. Anatelezesha kidole, simu inasema. Anagonga mara mbili, simu inatii. Wenzangu, huu si uchawi. Programu za namna hii, TalkBack kwa simu za Android na VoiceOver kwa zile za iPhone, zimekuwako tangu mwaka wa 2009, nazo huja pamoja na simu bila kulipiwa hata ndururu. Kinachobaki ni sikio.

Na sikio ndilo lenye kazi. Simu ikisoma kwa spika yake, inasomea soko zima. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, majirani wote wa kibandani wanasikia ni shilingi ngapi, zimetoka kwa nani, na salio jipya ni kiasi gani. Hebu fikiri, salio lako litangazwe kama matokeo ya mpira! Tena mpakani, ambako sura mpya hupita kila dakika. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba kipofu mwenye visikizi anajidai. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Kwa shangazi, kisikizi ni mlango wa kufungia pesa zake.

Basi likizo ya Agosti akanipa pesa, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi. Nenda uniletee kizuri." Msomi nikaenda. Muuzaji akaniwekea muziki, besi ikadunda hadi kwenye meno, nikatikisa kichwa, nikalipa shilingi 1,800 na kutoka nikitembea kwa madaha. Vilikuwa viwili, vidogo kama punje za njugu, vya kuziba masikio kabisa.

Vituko vilianza siku iyo hiyo. Visikizi vile havikuwa na kitufe hata kimoja, unavigusa tu. Kila shangazi alipokaza leso yake kichwani, ama simu ilimpigia mtu wa mwisho aliyeongea naye, ama sauti ilikatika. Chaji ikikaribia kuisha, kitaa chekundu kilimetameta. Kimmetie nani? Cha kulia na cha kushoto vilikuwa sawasawa mkononi, bila hata kinundu cha kumwongoza. Alipotaka kuandika nambari ya simu, aligusa 7 na sauti ikaja baada ya kidole kwisha kuhama, akajikuta amebonyeza nambari asizozitaka. Nilipinga, nikasema mbona mimi natazama filamu kwa visikizi hivyo hivyo na midomo inakwenda sawa na maneno? Kumbe simu inajua sauti itachelewa safarini, kwa hivyo huizuia picha kidogo ili viende pamoja. Kidole cha mtu hakizuiliki.

Lakini hayo yote tungeyavumilia. Lililonifanya niandike makala haya lilitokea Malaba.

Shangazi alikuwa akingoja magunia ya maharagwe kutoka upande wa Uganda. Mzigo ulikuwa uingie kupitia Malaba, na anayeijua Malaba anajua malori yanavyoweza kupanga foleni pale mpaka mtu akasahau alikotoka. Asubuhi ujumbe ukaingia. Yeye husikiliza ujumbe sentensi baada ya sentensi, maana katikati kuna mteja anayetaka kupimiwa. Akasikia: "Habari mama. Maharagwe yako yako tayari." Akampimia mtu gorogoro mbili, akapokea pesa, akazipapasa noti, kisha akatelezesha kidole kwa sentensi ya mwisho: "Tutavuka leo."

Tukafunga kibanda. Tukapanda matatu hadi Malaba, tukakodi mkokoteni na vijana wawili wa kusukuma, tukangoja. Saa sita, saa nane, saa kumi. Vijana wakaanza kunung'unika, shangazi akaanza kupiga simu isiyoshikwa. Jua lilipokuwa linazama nikamwomba simu nisome mwenyewe kwa macho. Ilikuwa imeandikwa wazi: "Hatutavuka leo."

Mnaona, wanachama wenzangu? "Ha" ilikuwa imeliwa! Nilifikiri simu ndiyo mbovu. Nikazima blututhi, nikaisomesha kwa spika: "Hatutavuka leo." Nikawasha visikizi, nikanyamaza kidogo, nikaisomesha tena: "Tutavuka leo." Niliporudia papo hapo bila kunyamaza, "ha" ikarudi.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Visikizi vingi visivyo na waya, ili kuhifadhi chaji, husinzia vikikaa sekunde chache bila sauti. Sauti ikija, vinashtuka usingizini, na mpaka viamke silabi ya kwanza imeshapita. Kwa mtu wa muziki hilo si kitu, kwa sababu wimbo hauna mapumziko mengi. Programu inayomsomea kipofu husema, ikanyamaza, ikasema tena, mchana kutwa. Tatizo hili wenzetu wa nchi za nje wanalijua pia. Waliotengeneza NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini za kompyuta iliyoanzia Australia mwaka wa 2006, wameiwekea namna ya kuzuia kifaa cha sauti kisilale.

Ila nadhani sisi waswahili tunaumia kuliko Mwingereza. Yeye neno lake la kukanusha huwa katikati ya sentensi. Likikatwa la kwanza, maana yaweza kubaki. Sisi tumeweka mzigo wote mlangoni. Hatutavuka na tutavuka, hawatalipa na watalipa, si mnajua mwalimu wa sarufi anavyotuchapa kwa viambishi awali? Ondoa silabi moja ya mbele, na "hapana" inageuka "ndiyo". Shangazi alipoteza siku ya soko, nauli ya watu wawili na malipo ya mkokoteni kwa silabi moja. Wala hakunikaripia, jambo lililoniuma zaidi.

Usiku ule tulipokuwa tukivuka barabara ili tupate matatu ya kurudi Busia, nilijifunza la pili. Shangazi alivitoa visikizi vyote viwili akavitia mfukoni, akasema, "Sasa nione." Naam, alisema "nione". Kipofu barabarani huona kwa masikio: lori linalorudi nyuma, pikipiki inayopenya kati ya malori, mtaro ambapo mwangwi wa fimbo nyeupe hubadilika. Bodaboda, ambazo inasemekana jina lenyewe lilizaliwa huku kwetu mpakani enzi za baiskeli, angalau zina mngurumo. Zile pikipiki za umeme ambazo zimeanza kuenea nchini hazina hata huo. Sasa mtu anakuuzia visikizi vya kuzima kelele za nje kama sifa! Kwa abiria wa ndege, sawa. Kwa shangazi, ni kumfumba macho mara ya pili.

Pale pale Malaba nilikuwa nimewaona madereva wa malori wa kutoka Mombasa wakiwa na kisikizi cha sikio moja, chenye kijiti cha maikrofoni karibu na mdomo. Mtu anaongea na mwajiri wake huku sikio la pili likisikia honi. Nikajiuliza, mbona hatukuanzia hapa? Vipo pia vile vya kupitisha mtetemo kwenye mfupa wa shavu, kama vya kampuni ya Shokz, ambavyo huacha masikio yote mawili wazi. Hivyo navisifu, lakini bei yake inakaribia ya simu yenyewe, na kando ya lori linalonguruma sauti yake humezwa.

Tukarudi dukani, safari hii shangazi akiwa mbele na simu yake mkononi. Hakutaka kusikia muziki. Alikiunganisha kila kisikizi na simu, akaisomesha sentensi, akanyamaza huku muuzaji akihema kwa kukosa subira, kisha akasomesha nyingine inayoanza kwa "ha". Vitatu vilimeza. Cha nne, cha sikio moja, kilitamka yote. Kilikuwa na kitufe cha kubonyezwa, kinasema chenyewe chaji ikipungua, na tundu lake la kuchajia ni lile ambalo waya huingia upande wowote. Kile kingine cha tundu la upande mmoja alikikataa pale pale. Alisema amechoka kukwaruza vitu gizani.

Wapo watakaosema kwamba iafoni ya waya ya shilingi 150 ingemaliza maneno yote. Wana haki kiasi. Waya hausinzii, hauchelewi, wala hauishiwi chaji, na shangazi anao mmoja mfukoni wa dharura. Lakini hukwama kwenye fimbo na kwenye magunia, na simu nyingi mpya hazina tundu lake. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka wa 2016 na wengine wengi wakafuata.

Vile vya kwanza alinirudishia. Viko nyumbani, navitumia wakati wa likizo kusikilizia muziki, na kwa muziki, kusema kweli, ni vizuri sana.