Kolwezi: mashine ya radio inanunuliwa, lakini ni nani atakayesoma picha?

Katika mtaa wa Musonoi, mjini Kolwezi, mtu anayekohoa kwa wiki nyingi anajiuliza kama ni kifua kikuu ama ni vumbi la mgodi. Makohozi yakipimwa na kuonekana hayana mikrobi, inabaki picha ya radio ya kifua. Hapo ndipo shida inaanza, kwani kupiga picha ni kazi moja na kuisoma ni nyingine.

Fundi anapiga. Kusoma ni kazi ya radiolojisti, daktari bingwa ambaye hatengenezwi kwa haraka. Kijana anayemaliza sekondari leo atasoma udaktari karibu miaka saba, ataandikishwa katika Baraza la Waganga, kisha atarudi chuoni kama asistanti kwa miaka mingine minne ama mitano. Kwa mtu wa Lualaba, hiyo inamaanisha kuhamia Lubumbashi, karibu kilometa 300, ama kwenda Kinshasa. Kwa umri huo ana familia, na mara nyingi ndiye anayelipa masomo. Akimaliza, anaona wazi kwamba mji mkubwa unalipa vizuri zaidi.

Kwa mji wa migodi, ucheleweshaji huo una bei. Vumbi lenye silika linaleta silikosi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponyesha, ambao pia unamfungulia kifua kikuu mlango. Magonjwa hayo mawili yanapenda kuacha alama sehemu ya juu ya mapafu. Shirika la Kazi Duniani, ambalo liliitisha mkutano wa silikosi Johannesburg mwaka 1930, lina picha za mfano: daktari analinganisha na kuandika daraja, toka 0 hadi 3. Akiandika 1/0, maana yake amechagua 1 lakini aliifikiria 0 pia. Wasiwasi wenyewe unaandikwa. Jicho la namna hiyo linapatikana kwa kusoma picha nyingi kando ya mwalimu. Kitabu peke yake hakitoshi.

Picha ikisomwa vibaya, mfanyakazi anaweza kumeza dawa za kifua kikuu miezi sita bure. Anaweza pia kukosa haki yake, kwani sheria ya mwaka 2016 ya usalama wa jamii inahesabu magonjwa ya kazi, na CNSS inahitaji karatasi ya daktari. (Mchimbaji wa mikono, asiye na mwajiri, hata mlango huo hana.)

Pesa si kusema hazipo. Sheria ya migodi ya 2018 inatoa asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa komini na sekta zenye migodi, zaidi ya asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya wakaaji. Lakini jengo na mashine vinazinduliwa kwa utepe. Asistanti anayelala zamu Lubumbashi hazinduliwi na mtu.

Wengine wanasema picha zitumwe kwa intaneti na kusomwa mbali. Kwa radio ya kifua, inawezekana. Kwa ekografi ya mama mjamzito anayetoka damu usiku, mkono wa anayejua lazima uwe pale pale.

Njia fupi ni kuchukua daktari ambaye tayari anafanya kazi Kolwezi, kumlipia masomo na kusaini naye mkataba wa kurudi. Miaka minne ama mitano: muhula mmoja wa gavana.