Tairi Jipya si Lazima Liwe Changa

Kiswahili kina neno kipara, nalo neno hili limetugharimu. Tairi ambalo mitaro yake imelika hata likabaki laini kama kichwa cha mzee tunaliita kipara, na papo hapo tunajua kwamba halifai. Askari wa trafiki hulitambua, abiria hulitambua, hata mtoto wa shule ya msingi hulinyoshea kidole. Lakini lugha ikishakuonyesha upande mmoja wa jambo, aghalabu hukusahaulisha upande wa pili. Hatuna neno la mkato la kulitaja tairi ambalo mitaro yake ingali mirefu, weusi wake ungali wa kupendeza, ilhali mpira wake umekwisha kufa kwa uzee. Na kwa kuwa hatuna neno, hatuangalii.

Nayaandika haya kwa sababu ya trela. Walimu wengi wanaijua trela ninayoikusudia: ile ndogo inayokokotwa nyuma ya Land Cruiser au basi la shule, imesheheni mahema, magodoro, masufuria, mitungi ya gesi na mapipa ya maji, wakati wa safari za jiografia kwenda Magadi, au za sisi wanaisimu kwenda Loiyangalani kuzisikiliza lugha za ufuo wa Ziwa Turkana. Huko Marekani na Australia watu hugeuza trela za namna hii kuwa nyumba kamili, zenye vitanda, meko na hata choo, nao huzivuta maelfu ya kilomita wakiwa likizoni. Yetu ni ya hali ya chini, ila ugonjwa wake ni ule ule. Trela haifi kwa kutembea. Hufa kwa kukaa.

Hebu tuitazame mwaka mzima. Hutoka mara moja au mbili, wiki moja moja, kisha husimamishwa nyuma ya bweni au karibu na bohari, kwenye jua, mzigo nusu ungali ndani, upepo ukipungua taratibu matairini. Mpira wa tairi si kitu kilicholala. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba utomvu wa mpira ukipikwa pamoja na salfa huwa mgumu bila kupoteza unyumbufu, viwanda vimeongeza dawa nyingi za kuulinda na hewa ya oksijeni, ozoni na miale ya jua. Dawa hizo, ikiwemo nta, hupanda hadi juu ya mpira kila tairi linapojikunja na kujikunjua barabarani. Tairi lisilotembea halipati tiba hiyo ipasavyo. Ndiyo maana lile la gari la mwalimu mkuu linalokwenda mjini kila siku huweza kuzeeka kwa heshima, nalo la trela, lililotoka kiwandani mwezi huo huo, likawa na nyufa ubavuni kama udongo wa bwawa lililokauka.

Mwaka 2024 idara yetu ilihitaji matairi mawili ya trela. Muuzaji mmoja jijini alitutolea tairi lililokuwa lingali na vinywele vya mpira na karatasi ya kiwandani, akaapa: "Hili ni jipya kabisa, mwalimu. Halijawahi kuguswa na lami." Nikainama kusoma ubavuni. Mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT palikuwa na tarakimu nne: 1116. Maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 11 ya mwaka 2016. Lilikuwa limekaa ghalani miaka minane.

Je, muuzaji alisema uongo? Hapa ndipo mtu wa isimu anapotega sikio. Neno "mpya" katika Kiswahili lina maana mbili zinazoishi nyumba moja bila kugombana: kitu ambacho hakijatumiwa, na kitu ambacho hakina muda mrefu tangu kitengenezwe. Nguo mpya ni ile isiyovaliwa. Habari mpya ni ile ya leo. Katika vitu vingi tofauti hii haina madhara, kwani sahani isiyotumiwa haijali imekaa kabatini miaka mingapi. Mpira hujali. Muuzaji alisimama kwenye maana ya kwanza, mnunuzi akasikia ya pili, na kila mmoja angeweza kwenda zake akiamini kwamba wameelewana. Mimi ningependa tulitumie neno "changa" kwa maana hii ya pili, maadamu tunalo tayari na halihitaji kamati ya istilahi. Tairi jipya si lazima liwe changa. Mnunuzi wa trela aulize yote mawili.

Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita hata kama mitaro ingali mizuri, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huruhusu hadi kumi, mradi lichunguzwe kila mwaka baada ya la tano. Kwa trela inayoanikwa juani katika nchi hii, mimi nasimama na wale wa sita. Na ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, usiendelee kuuliza bei. Tarakimu tatu zilitumika kabla ya mwaka 2000.

Nimesema kwamba nilisoma ubavuni, na neno kusoma sikulitumia kwa mzaha. Ubavu wa tairi ni matini, tena matini yenye sarufi kali kuliko barua nyingi ninazopokea kutoka ofisini. Chukua maandishi 195R15C 106/104R, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuyaona kwenye matatu ya abiria kumi na wanne. Ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita. R inayofuata inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, zikikata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Kipenyo cha rimu, kwa inchi, ni 15. C inatuambia kwamba tairi ni la gari la biashara, lenye kiwiliwili kigumu. Kisha inakuja sehemu ambayo ni watu wachache mno wanaoisoma: 106 ni fahirisi ya mzigo, yaani kilo 950 kwa tairi moja, na 104 ni kilo 900 pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja. R ya mwisho si ile R ya kwanza. Hii ni ya kasi, kilomita 170 kwa saa. Herufi moja, mahali pawili, maana mbili. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mfano wa jinsi mpangilio unavyozaa maana asihangaike tena.

Matairi yanayotoka Marekani huweza kuanza na herufi ST, yaani yameundwa mahsusi kwa trela. Mbavu zake ni ngumu, kwa sababu trela husukwasukwa kando na kuburutwa kwenye kona kali. Ila kama hayakuandikwa alama ya kasi, kwa desturi hayafai kupita kilomita 105 kwa saa. Yakianza na P, ni ya gari dogo la abiria, na hapo ndipo msiba wetu ulipo. Fundi huona rimu ya inchi 15, naye analo ghalani tairi la gari dogo la inchi 15, linaingia bila taabu, kila mtu anafurahi.

Tufanye hesabu, na mwalimu wa hisabati anisahihishe. Trela tupu ina kilo 600. Mapipa ya maji, lita 200. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo 200. Mahema, magodoro, vyombo vya jikoni, vyakula vya wanafunzi arobaini kwa siku tano, gesi na vifaa vya kazi: tuseme kilo 600. Jumla ni kilo 1,400. Trela ina ekseli moja na matairi mawili. Sehemu ndogo ya uzito hukalia ndoano ya gari linalovuta, lakini tuiache iwe akiba yetu; kila tairi linabeba kilo 700. Tairi la gari dogo lenye fahirisi 91 linaruhusiwa kilo 615. Limezidiwa kabla halijatoka langoni. Lile la C lenye fahirisi 106 lina nafasi ya kilo 250 kwa ajili ya mashimo, mawe na mwanafunzi aliyebeba kamusi tatu. Namba za mzigo nilizotumia hapa ni za kukadiria. Zako uzipate kwa kuipima trela yenyewe ikiwa imejaa, kwenye mizani, kwa maana macho ya binadamu hayajapata kupima kilo.

Kuna jambo la upepo. Fundi wa kando ya barabara husema "nimetia upepo wa kutosha," naye huutathmini utoshelevu huo kwa kulipiga tairi teke. Wakati huo huo, fizikia ya shule ina dhana ya shinikizo, ambalo mwanafunzi hulikariri ili apite mtihani, asilikutanishe kamwe na upepo wa fundi. Ni kitu kimoja! Tofauti ni kwamba shinikizo lina namba na upepo wa fundi hauna. Namba hiyo iko ubavuni pia, pamoja na uzito ambao tairi linaweza kuubeba likijazwa kiasi hicho, na hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi, si baada ya mwendo wa saa mbili ambapo hewa imepanuka kwa joto. Kwa trela iliyosheheni, ushauri wa kawaida kwa matairi ya ST ni kujaza kiwango kamili kilichoandikwa. Ila angalia rimu na valvu. Valvu za kawaida za mpira huishia karibu ratili 65 kwa kila inchi ya mraba. Tairi linalohitaji zaidi ya hapo lifungiwe valvu ya chuma.

Upepo pungufu ndio muuaji mkuu. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto hutenganisha tabaka la juu na nyuzi za chuma zilizo chini yake. Wamarekani walijifunza somo hili kwa damu. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya tabaka za juu kubanduka barabarani na magari kupinduka. Waliokufa katika ajali hizo walizidi 200. Majimbo ya joto kama Texas, Arizona na Florida yaliathirika sana. Kampuni ya magari ilikuwa imewashauri wenye magari watie ratili 26, wenye matairi wakitaka 30, na mabishano juu ya nani wa kulaumiwa yakavunja urafiki wa kibiashara wa karibu miaka mia moja. Sheria iliyopitishwa Novemba mwaka huo ndiyo iliyoleta taa ya kuonya kwamba upepo umepungua, taa ambayo sasa huwaka kwenye baadhi ya magari tunayoagiza. Lakini amri hiyo haikuzihusu trela. Dereva anayevuta trela hana taa, wala usukani wake haumwambii kitu, kwa kuwa gurudumu linaloumwa liko mita saba nyuma yake. Aghalabu hupata habari kwa dereva anayempita akimpungia mikono kama mwendawazimu.

Likipasuka, asikanyage breki kwa ghafla. Ashike usukani imara, aache mwendo ushuke wenyewe, atoke barabarani hadi mahali tambarare, na wanafunzi wateremke upande usio na magari. Kabla ya jeki, mawe chini ya magurudumu. Na trela isifunguliwe kutoka kwenye gari. Vipande vya tairi vikibanduka hupiga kama mijeledi, kwa hiyo fundi achungulie chini aone kama nyaya za taa na bomba la gesi zimesalimika. Kama trela ina ekseli mbili, tairi jirani la upande ule lilibeba mzigo wa wawili tangu mwenzake alipokufa. Lishukiwe hata kama linaonekana zima. Pancha ya msumari katikati ya mitaro huzibwa, tena kwa kiraka cha ndani; ya ubavuni haizibwi, fundi aseme asemayo.

Najua jibu la bodi za shule: pesa hakuna. Ninaishi Kenya hii hii na mshahara wangu unafahamika. Hata hivyo shule hiyo hiyo hupaka basi rangi upya na kuandika kaulimbiu yake kwa herufi za dhahabu. Badala ya kununua matairi ya bei rahisi kila baada ya ajali, daftari moja lingetosha kuanzia: tarakimu nne za kila tairi, tarehe lilipofungwa, upepo uliopimwa asubuhi ya kila safari, na sahihi ya aliyepima. Kidato cha tatu wanaweza kulitunza, nao wakafaidi fizikia, hesabu na Kiswahili kwa pamoja. Trela ikirudi, ipakuliwe, inyanyuliwe juu ya magogo, matairi yafunikwe gunia.

Na lile la akiba, linalofungwa nyuma ya trela na kupigwa jua mwaka mzima, lisomwe nalo. Mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote, na ndilo tunalolifunga usiku, kwa mwanga wa tochi, kilomita 100 kutoka Marsabit, huku tukimshukuru Mungu kwamba tunalo.