Fomu za mtandao zisiwafungie wanafunzi mlango

Siku hizi mwanafunzi akimaliza kidato cha nne, maombi ya nafasi ya chuo huyapeleka KUCCPS kwa njia ya mtandao, na ya mkopo huyapeleka HELB, bodi iliyoundwa mwaka 1995. Kwa vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, mtandao ni simu ndogo ya bei nafuu, pengine ya mzazi. Ni haki basi kuuliza: je, wanaotunga fomu za mtandao, hapa nchini na kwingineko, huzijaribu kwa simu kama hiyo?

Naona wengi hawafanyi hivyo, na kasoro zenyewe zafahamika. Mwombaji hutumiwa nambari ya siri kwa ujumbe mfupi. Anapotoka kwenye fomu ili aisome, simu yenye kumbukumbu ndogo huufunga ukurasa, na akirudi hukuta yote aliyoyajaza yamefutika. Kibodi nayo, ikimsaidia kumalizia anwani ya barua pepe, huongeza nafasi tupu isiyoonekana, na fomu ikadai kwamba anwani si sahihi. Kivinjari cha Opera Mini, kilichoanza mwaka 2005 na kupendwa kwa kubana matumizi ya data, kikibana sana hupitisha kurasa kwenye seva zake kwanza. Fomu inayotegemea programu za ndani ya ukurasa huweza kukwama hapo, kitufe cha kutuma kisiitikie.

Mwanafunzi hayajui haya. Hudhani kosa ni lake, hukimbilia saiba, akalipa, na kumwachia mtu asiyemfahamu nambari ya kitambulisho na nenosiri lake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini italindaje siri ambayo fomu mbovu imemlazimisha kijana kuitoa?

Wako watakaosema atafute kompyuta. Kwa mkazi wa Mtongwe, hiyo yaweza kuwa safari ya kuvuka feri hadi kisiwani. Wahenga walinena kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Dawa yake si ghali. Fomu igawanywe katika kurasa fupi, na kila ukurasa uhifadhiwe kabla ya kuendelea. Nafasi tupu ziondolewe na seva yenyewe. Tarehe ya kuzaliwa iandikwe kwa nambari, isitafutwe mwezi baada ya mwezi kwenye kalenda. Tena fomu isitolewe kabla ya kujaribiwa kwa simu ya bei ya chini kabisa.

Kwa sasa, walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuandika majibu yote daftarini kwanza, kupokea nambari ya siri kwa simu nyingine, na kubadilisha kivinjari fomu inapokwama. Hata hivyo, hizo ni mbinu za kulikwepa shimo tu. Wajibu wa kulifukia ni wa aliyelichimba, na alifukie kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi kumpita mtoto wa maskini.