Leseni ya nyumba Kigali: nani anayo, na inamlinda nani

KIGALI — Mfanyabiashara anayefika Kigali kutafuta duka, ghala au kiwanja, awe ametoka Goma, Bujumbura, Kampala au Mwanza, mara nyingi hukutana na komisiyoneri kabla ya kumwona mwenye nyumba. Komisiyoneri ndiye anayejua mlango upi Nyabugogo uko wazi, ghala lipi Gisozi linapangishwa, na nani kule Nyamirambo anataka kuuza upesi. Wakati mwingine ndiye pia anayepokea arubuni.

Lakini Rwanda ilipotunga sheria ya kuwasajili na kuwasimamia wataalamu wa mali zisizohamishika, haikuanza na komisiyoneri. Ilianza na mthamini, yaani yule anayekadiria thamani ya nyumba au kiwanja. Tofauti hiyo si ya maneno. Ndiyo inayoamua nani atawajibika pale mtaji unapopotea.

Sheria Na. 17/2010 ya tarehe 12 Mei 2010 ndiyo iliyoianzisha rasmi taaluma ya uthamini nchini Rwanda. Iliunda taasisi ya wathamini, inayojulikana kwa kifupi kama IRPV, pamoja na baraza la kusimamia mwenendo wao. Tangu hapo, tathmini inayokubalika kisheria ni ile iliyotiwa saini na mthamini aliyesajiliwa.

Wakati huo nchi ilikuwa katikati ya zoezi kubwa la kupima na kuandikisha ardhi, lililoanza mwaka 2009 na kufikia viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10 ndani ya miaka michache. Hati ilipomfikia mwananchi, benki ikaanza kuipokea kama dhamana. Benki haikopeshi kwa maneno. Inataka ripoti inayosema nyumba ina thamani gani, na inataka kumjua aliyeiandika.

Sababu ya pili ni fidia. Kigali inajengwa upya kila mwaka, na mara kwa mara serikali huchukua ardhi kwa manufaa ya umma. Wafanyabiashara wengi wanaikumbuka Gikondo, ambako viwanda na maghala yaliyokuwa kwenye kinamasi yaliondolewa, mengine yakihamia Eneo Maalumu la Kiuchumi huko Masoro.

Sheria ya utwaaji ardhi ya mwaka 2015 inaipa IRPV jukumu la kupanga bei rejea za ardhi. Asiyeridhika na thamani aliyopewa anatakiwa kueleza sababu zake kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ripoti ipitishwe. Anaweza kuajiri mthamini mwingine kwa gharama yake ili afanye tathmini ya pili, lakini mthamini huyo lazima awe anatambuliwa na taasisi hiyo. Ripoti ya mtu asiyesajiliwa, hata kama hesabu zake ni sahihi, haina nguvu mezani.

Hapo ndipo thamani ya leseni inapoonekana. Leseni ya kweli ni ile inayoweza kunyang'anywa. Mthamini akipandisha thamani ya ghala ili mkopo upite, au akiishusha ili kumfurahisha anayelipa fidia, kuna mahali pa kumshtaki ambapo anaweza kupoteza kazi yake yote, na si mteja mmoja tu.

Karatasi tatu zinazochanganywa

Sokoni, mambo haya huchanganywa kirahisi kwa sababu kila mtu ana karatasi yenye muhuri. Ya kwanza ni cheti cha kampuni kutoka Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Kukipata ni rahisi na haraka, na nchi inajivunia hilo. Cheti hicho kinasema kampuni ipo. Hakisemi mwenye kampuni anajua kazi ya nyumba.

Ya pili ni ipatante, ambayo hulipwa kila mwaka. Hiyo ni kodi ya kufanya biashara. Muuza vitenge anailipa, na wakala wa nyumba anailipa. Ya tatu ndiyo usajili wa taaluma, na huo ndio wenye baraza la nidhamu nyuma yake.

Komisiyoneri mwenye karatasi mbili za kwanza anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na wengi ni waaminifu. Lakini akipotea na arubuni, aliyedhulumiwa hana baraza la taaluma la kumwendea. Anabaki na polisi na mahakama, njia ambayo kwa mtu anayeishi ng'ambo ya mpaka ni ndefu na ya gharama kubwa. Kesi ya arubuni ya ghala inaweza kula nauli na siku nyingi kuliko arubuni yenyewe.

Majirani wamefanya nini

Kenya ilichukua njia tofauti. Sheria yake ya Mawakala wa Nyumba ya mwaka 1984 inamgusa wakala mwenyewe. Inaunda bodi ya usajili, na anayeuza au kupangisha nyumba za watu kwa malipo bila kusajiliwa anatenda kosa. Usajili peke yake hautoshi: wakala anatakiwa kuwa na cheti cha kufanya kazi kinachofanywa upya kila mwaka. Kwa hiyo mteja wa Nairobi ana maswali mawili ya kuuliza, si moja: umesajiliwa, na je, cheti chako ni cha mwaka huu? Hata hivyo, kuwapo kwa sheria hiyo hakujawamaliza madalali wasio na usajili katika miji ya Kenya.

Tanzania inafanana zaidi na Rwanda. Sheria yake ya mwaka 2016 inawasajili wathamini, huku dalali wa mtaani akiendelea na shughuli zake kwa jina na sifa yake. Uganda nako mawakala wamejiunga katika chama cha hiari, AREA. Chama cha hiari kinaweza kumfukuza mwanachama, lakini hakiwezi kumzuia kufungua ofisi mtaa wa pili.

Kisha mwezi Julai 2025 Tanzania ikatoa amri iliyopiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara, na udalali wa nyumba ukawa miongoni mwazo. Waliokuwa na leseni waliachiwa waendelee hadi muda wake uishe, bila kuifanya upya. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na raia anayemsaidia mgeni kukwepa amri naye ana adhabu yake. Kenya ililalamika kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume na Soko la Pamoja.

Leseni haivuki mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua sifa za kitaaluma za wenzao. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walitiliana saini makubaliano ya aina hiyo. Mawakala wa nyumba hawamo. Itifaki hiyohiyo, katika kifungu cha 15, inaiacha ardhi na majengo chini ya sheria za kila nchi.

Matokeo yake ni kwamba mahindi yanavuka Rusumo kwa kanuni moja ya forodha, lakini ghala la kuyahifadhi linatafutwa kwa kanuni za kila mji. Mfanyabiashara aliyezoea kuuliza cheti cha mwaka Nairobi anafika Kigali na kukuta swali hilo linamhusu mtu mwingine. Aliyezoea dalali wa Mwanza anaweza kudhani cheti cha RDB ni kibali cha udalali.

Shinikizo la mabadiliko linatoka upande wa fedha. Viwango vya kimataifa vya kupambana na utakatishaji wa fedha vinawahesabu mawakala wa nyumba kuwa lango linalopaswa kulindwa. Sheria ya Rwanda inafuata mkondo huo: wakala anatakiwa kumtambua mteja na kutoa taarifa ya muamala wenye shaka. Lakini ni vigumu kumdai taarifa mtu ambaye hayumo kwenye daftari lolote la taaluma. Ndiyo maana hoja ya kumsajili komisiyoneri haimhusu mpangaji peke yake. Inaigusa serikali na benki pia.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ya haraka ni kwamba atakayebeba fedha taslimu ataulizwa zilikotoka. Karatasi za forodha, risiti za mauzo na taarifa za benki ni sehemu ya ununuzi wa nyumba sasa, kama ilivyo bei.

Kinga iliyopo leo ni ya kujipangia. Nambari ya kiwanja, UPI, inaonyesha ardhi ni ya nani, na tangu mwaka 2023 hati zinatolewa kwa njia ya kielektroniki. Karatasi ya zamani mkononi mwa muuzaji si ushahidi wa kutosha. Jina la mthamini linapaswa kuhakikishwa kwenye orodha ya taasisi, si kwenye kadi yake. Arubuni ilipwe kwa benki au simu kwa jina la mwenye nyumba, na mkataba uandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa Jumuiya, hatua ya kwanza haihitaji itifaki mpya. Nchi zenye madaftari ya wathamini na mawakala zinaweza kuyaweka mahali pamoja, wazi kwa msomaji wa Bukavu kama kwa yule wa Mombasa. Zisizo na daftari la madalali zitaonekana zilivyo, na mfanyabiashara atajua mapema ni mji upi anaoingia bila mlinzi.