Kompyuta Haina Pepo, Ina Njaa ya Umeme

Leo mambo ya mapenzi na majungu ya mtaani nayaweka kando, yenyewe hayaozi. Nataka tuongee ugonjwa unaowatesa wengi wenye kompyuta za mtumba. Unaandika barua yako, raha mustarehe, mara kioo cheusi! Kisha mashine inajiwasha yenyewe kama vile haijafanya kitu. Taa ya chumbani inawaka, feni la dari linazunguka. Ni kompyuta peke yake iliyozimia.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja mwenye kijiduka cha steshenari. Anachapa, anatoa fotokopi, na msimu wa mitihani ndiyo mavuno yake, maana shule mbili za jirani zinamletea maswali. Msimu huu mashine ikaanza kuzimia mara tano, mara sita kwa siku. Mwalimu mmoja kasubiri karatasi za Darasa la Sita hadi saa mbili usiku, kaondoka kanuna, na kesho yake kaenda duka la pili. Fundi kaja, kafungua, kapuliza vumbi, kasema mazabodi imekufa, toa laki mbili na nusu.

"Baba, hebu niangalizie kabla sijatoa hela ya ada," mama akaniambia. "Mimi naona hii kitu ina pepo."

"Shikamoo mama. Huyo pepo anakuja saa ngapi?"

"Marahaba. Anakuja nikitoa printa."

Basi hapo kashataja nusu ya jibu mwenyewe. Swali la kwanza siku zote ni hilo: inazimia wakati gani? Wenye umri kidogo mtakumbuka Agosti 2003, kirusi kikiitwa Blaster. Kile kilikuwa na adabu zake, kinakutolea tangazo na kukuhesabia sekunde 60 kabla ya kuzima. Mashine ikikuaga namna hiyo, tatizo ni programu. Ikionyesha kioo cha buluu chenye maandishi, shuku draiva au ramu. Kwa kawaida Windows hujiwasha upesi hata usiwahi kusoma, lakini kwenye mipangilio yake kuna tiki ya kujiwasha yenyewe ikianguka. Itoe hiyo tiki, maandishi yatakaa. Kama inazimia baada ya kufanya kazi nzito na ubavuni imechemka kama pasi, hilo ni joto. Safisha vumbi, angalia feni, badili ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya prosesa.

Ila ikikata ghafla, bila buluu, bila kuaga, hata ikiwa baridi, angalia njia ya umeme. Na usikubali fundi akuonyeshe kwenye kumbukumbu za Windows neno Kernel-Power namba 41 akadai ndiyo ushahidi wa pawa saplai. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Aliyeizima haimtaji.

Kwa mama yule, printa ya leza na kompyuta vilikuwa kwenye ekstensheni moja. Printa ya leza ina kipasha moto ndani yake, na kikianza kazi kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Umeme wa ekstensheni unashuka kidogo, taa inakonyeza. Kompyuta nzima ya mwili haijali kukonyeza huko, maana ndani ya pawa saplai kuna kapasita, na kazi yake ni kama ya simtanki: bomba likikatika kidogo, nyumba inaendelea kuoga. Simtanki yenyewe ndogo, inabeba kama milisekunde 16 hivi. Ikizeeka inabeba pungufu. Hapo pawa saplai inaacha kuiambia mazabodi kwamba mambo shwari, na mazabodi inaanza upya. Pepo ndiye huyo.

Nikahamishia printa kwenye soketi ya ukuta wa pili. Kuzimia kukapungua, hakukuisha. Nikaazima pawa saplai ya rafiki yangu mwenye mashine kama ile ile, tukachapa kutwa nzima, kimya. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho cha kuazima. Mita nayo si mbaya: waya wa njano na mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6. Lakini mita ya kawaida haioni mshtuko wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo ikisoma vizuri usiapie.

Haya, kununua sasa, na hapa ndipo watu wanapopigwa changa la macho. Boksi limeandikwa wati 500 kwa maandishi ya dhahabu, ukiliinua jepesi kama mkate. Achana na dhahabu, soma kikaratasi cha ubavuni, mstari wa volti 12. Kama ni ampea 15, zidisha: wati 180 basi. Hizo nyingine za kwenye boksi ni hadithi. Mashine ya ofisi isiyo na kadi kubwa ya picha mara nyingi haili hata wati 100, hivyo wati 300 za kweli zinatosha na kubaki. Nembo ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, inahusu kutopoteza umeme. Haikuambii nguvu.

Kisha plagi. Dell OptiPlex 9020, ambayo ndiyo ya mama huyu, ina plagi kuu ya pini 8, wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24. HP EliteDesk 800 za mwanzo zina pini 6. Kwa hiyo beba ya zamani mkononi, linganisha plagi, umbo na matundu ya skrubu kabla ya kutoa noti. Ukiona swichi nyekundu ya 115 na 230, iwe 230, la sivyo utasikia mlipuko. Mama alizunguka Kariakoo, duka la tatu ndilo lililokuwa nayo, akadai risiti. Mwalimu wa Darasa la Sita mpaka naandika haya hajarudi.

Ile ya zamani usiifungue ukicheza. Hata ikiwa imechomolewa, kapasita zinaweza kushika zaidi ya volti 300. Na ukinunua UPS, chomeka kompyuta na kioo chake tu. Printa ya leza ibaki ukutani.

Tukutane wiki ijayo.